Maduara ya Mkaa kwenye Ukuta wa Lubunga

Siku ya kuniaga, wenzangu wa hospitali walinipa kitenge, soda isiyopata barafu, na hotuba ya mkurugenzi aliyenisifu kwa kazi nzuri ya maabara. Sijawahi kufanya kazi maabara. Mimi ni kiné: ninawafundisha watu kuitumia tena miili yao baada ya miili hiyo kuwaasi. Lakini hotuba ilikuwa imekwisha kuandikwa, na hotuba iliyoandikwa ni lazima isomwe, hata kama ni ya mtu mwingine. Nilipiga makofi pamoja na wengine.

Baadaye nyinyi vijana wa idara mkanishika mkono pale mlangoni. "Mama Kiné, utuandikie namna mulikuwa munapima batu ya kutetemeka, na namna mulikuwa munachora." Basi naandika. Habari za vyeo sitazigusa. Aliyepandishwa anajijua, na asiyepandishwa anamjua vizuri zaidi.

Nilifika Kisangani kutoka Basoko nikiwa na diploma mpya, viatu vyeupe, na imani kwamba wagonjwa wote wangefanana na picha za kitabuni. Nilipewa chumba kilichokuwa ghala la vyuma vya kutundikia maji ya mishipa. Vyuma vilibaki mle, nami nikaingia kati yao. Mtu wa kwanza kunifundisha kazi alikuwa Papa Asumani, muuguzi mkuu wa idara, mzee mwembamba wa asili ya Maniema aliyevaa koti jeupe lililopigwa pasi hata siku ambazo mji mzima haukuwa na umeme. Sikujua alilipiga pasi kwa nini. Labda kwa hasira.

Siku ya kwanza hakuniruhusu kumgusa mgonjwa yeyote. Aliniketisha kwenye benchi lililoelekea geti.

"Tazama," alisema. "Mutu anaanza kusema ugonjwa wake tangu kule kwenye geti. Akifika hapa, anasema tu ile alipanga kusema."

Nikatazama. Akaingia mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mkono wa kulia ukimtetemeka juu ya paja kama mtu anayehesabu pesa zisizokuwepo. Mkuu wake wa shule alikuwa amemfukuza darasani kwa sababu ya ulevi. Papa Asumani alimkaribia, akamnusa mdomo, kifua, hata shingo, bila haya yoyote, kisha akanigeukia.

"Huyu hanuki hata bia ya jirani. Andika: mkono wa kulia, wakati wa kupumzika. Akishika kitu, unaacha."

Ndivyo nilivyokutana na ugonjwa wa Parkinson. Ubongo unapungukiwa na kitu kinachoamuru mwili usogee vizuri, basi mkono unatetemeka, misuli inakakamaa, miguu inagoma kuanza safari, sauti inashuka. Jirani akiona haya yote, huwa na maelezo tayari: pombe, uvivu, uzee, au uchawi wa mtu wa ukoo aliyekula nyama za usiku. Madaktari wachache, maelezo mengi.

Tulipima kila dalili kwa namba, kuanzia sufuri mpaka nne. Sufuri, hakuna shida. Nne, shida imemshinda mtu. Vifaa vyetu vilikuwa kikombe cha maji, kijiko, kiti kisicho na mikono, na mstari wa rangi uliopigwa sakafuni kwenye korido. Mgonjwa alinyanyuka kitini, akatembea juu ya mstari, akageuka, akarudi. Wengi hawakushindwa kutembea, walishindwa kugeuka, na hilo hamtalijua mkimpima mtu akiwa amelala kitandani kwa sababu korido imejaa. Baada ya hapo niliweka alama kwenye karatasi ya miraba, nikaziunga kwa penseli. Mstari ukipanda, mambo yanaharibika. Ukishuka, afadhali. Papa Asumani alikuwa na sharti moja tu juu ya namba: usimpe mtu namba ambayo utaona haya kumwambia usoni.

Sharti hilo halikumfikia mwenzangu Faustin. Faustin alikuwa kiné mzuri mwenye mikono hodari na moyo laini kupita kiasi. Mgonjwa akimwambia "asante sana, tonton", namba ilishuka hapo hapo. Mimi nilikuwa mkali. Kwa hiyo michoro ya wagonjwa wetu ikawa kama meno ya msumeno: walipona Faustin akiwa zamu, wakaugua tena niliporudi. Daktari mmoja mgeni alisimama mbele ya michoro ile, akatikisa kichwa kwa heshima na kusema ugonjwa huu kweli una siri nyingi.

Papa Asumani alituketisha wote wawili mbele ya mgonjwa mmoja, tumpime pamoja, kila mmoja na karatasi yake, kisha tubishane mpaka tukubaliane. Tulibishana. Faustin alisema ule mkono ni moja. Nikasema ni tatu, na kwamba labda yeye huvaa miwani kwa ajili ya kuonekana tu. Mgonjwa, mama muuza pondu, yaani kisamvu, wa soko kuu, alituvumilia kwa muda.

"Bon," alisema mwishoni, "mukimaliza kugombana, mutaniambia kama nitembee tena ao niende nyumbani. Pondu yangu iko inanyauka."

Tulikubaliana ni mbili. Msimdharau mtu anayeweka namba tofauti na yako. Kaeni naye mbele ya mgonjwa mmoja, mgombane pale pale. Mkigombana kwenye karatasi, anayeumia ni mgonjwa.

Papa Asumani alipostaafu, alirudi kwao na koti lake. Kisha ukaja mradi.

Mradi ulikuja na gari lenye bendera kwenye mlango, kalamu zenye bendera kwenye kifuniko, na mtaalamu wa takwimu kutoka Kinshasa aliyeitwa Trésor. Alikuwa kijana msafi mwenye viatu vyenye ncha, viatu ambavyo tope la Kisangani lilikuwa likivisubiri kwa hamu. Tulifundishwa kwenye ukumbi wa hoteli. Tulijifunza kubonyeza kioo cha tableti, tukala, tukabonyeza tena, tukapewa vyeti. Kila mgonjwa aliyefika alipimwa mara moja kwa mwezi. Namba zake zote zilijumlishwa, zikagawanywa, zikawa namba moja, na ile namba ikawa mstari wenye rangi. Nyekundu ni vibaya, njano ni wastani, kijani ni vizuri. Upande wa juu kulikuwa na uso mdogo unaotabasamu. Nilimwuliza Trésor uso ule ni wa nani.

"Ni wa mgonjwa, mama."

Hakuna mgonjwa wangu hata mmoja aliyefanana nao.

Sisemi mashine ilikuwa mbaya. Ilijumlisha bila kukosea na haikuona huruma kama Faustin. Lakini wakubwa wa mradi waliupenda sana mstari wa kijani, na mtu akikipenda kijani chako mbele ya wafadhili, ni vigumu kumwambia kwamba jani hilo ni la plastiki.

Kati ya watu wenye mstari wa kijani kuliko wote alikuwa Papa Lifoli. Alikuwa fundi wa treni kule Lubunga, ng'ambo ya mto, tangu enzi ambazo treni ilikuwa na desturi ya kuondoka. Ugonjwa ulimshika akiwa amekwisha kupumzika kazi. Alivuka kuja kwetu asubuhi kwa pirogi, mtumbwi wa kasia, akisindikizwa na mke wa mwanawe, Rehema, mwanamke mtaratibu aliyetoka Maniema. Alimeza kidonge chake kabla ya kuingia majini, na alipofika kwetu dawa ilikuwa imekwisha kufanya kazi. Alitembea juu ya mstari vizuri, akageuka vizuri, akarudi. Moja, moja, sufuri, moja. Kijani. Mradi ukamwita mgonjwa wa mfano, ukampiga picha.

Siku moja, baada ya picha, Rehema alimwacha mkwewe kwenye benchi akanifuata chumbani.

"Mama Kiné, hapa iko mutu," alisema. "Kwetu kule iko muti."

"Mti wa namna gani?"

"Muti. Anasimama hivi, hasogei. Kila muchana. Naweka sahani ya chakula, anakula, kisha anakuwa ngumu. Mikono, miguu, yote. Tantine Mado anasema ni mimi. Anasema nikileta sahani, naleta na kamba ya kumufunga."

Tantine Mado alikuwa dada mdogo wa Papa Lifoli, mjane aliyeishi katika nyumba hiyo hiyo na kuiongoza kama kituo cha polisi. Alikuwa amempeleka kaka yake kwa nabii wa mtaa, na nabii aliona, bila kuwasha hata taa, kwamba kuna mwanamke mgeni ndani ya nyumba. Mwanamke mgeni alikuwa mmoja tu. Mume wa Rehema, Junior, alifanya kazi kwenye boti za mizigo zinazoshuka mpaka Basoko, na hakuwapo. Ukoo ulikuwa umeamua kwamba akirudi, amrudishe mkewe kwao. Watoto wangebaki.

"Batoto yangu, Mama Kiné," alisema. Hakulia. Alizishika ncha za kitenge chake kwa nguvu, akasubiri niseme kitu.

Mnajua kwetu mtu akiitwa ndoki, mchawi, inakuwaje. Asiporudishwa kwao, anaweza kupigwa. Nilimwambia asubiri siku chache, asigombane na mtu, asiondoke kwa hiari yake. Kisha nikamtafuta Trésor.

Alikuwa anarembesha mistari kwa ajili ya ripoti. Nilimwuliza kama tableti yake inaweza kuonyesha asubuhi peke yake na mchana peke yake.

"Kupanda na kushuka kwa siku moja, sisi tunaita kelele, mama. Tunachukua wastani ili kelele itoke."

"Hiyo kelele inataka kumfukuza mwanamke nyumbani kwake."

Nilimweleza. Sikutegemea kitu, maana nilikwishamweka katika fungu la viatu vyenye ncha. Lakini Trésor aliweka tableti chini, akatazama mstari wa Papa Lifoli kwa muda mrefu, kisha akasema jambo ambalo tangu siku ile nimelirudia kwa kila mwanafunzi niliyemfundisha.

"Mashine haiwezi kuchora kitu ambacho hakuna mutu alitazama. Mchana wa huyu papa, nani aliutazama?"

"Hakuna. Sisi tunamwona asubuhi tu."

"Donc twende mchana."

Tukavuka. Nisiseme mengi juu ya viatu vyake. Mto uliingia kwenye pirogi kidogo kidogo, mpiga kasia akampa kopo la kuchotea maji, na mtaalamu wa takwimu akafika Lubunga akiwa peku, viatu mkononi, akiwa amechota mto njia nzima. Wapagazi wa ufukweni walimpigia makofi.

Tulimkuta Papa Lifoli amekaa kwenye kiti mbele ya nyumba, sahani tupu ya lituma, ndizi zile za kupondwa, miguuni, mwili mgumu kama reli. Macho tu ndiyo yalisogea. Tantine Mado alisimama nyuma yake.

"Muone sasa," alisema, akimnyooshea kidole Rehema. "Alikula lituma na samaki ya huyu mwanamke. Muone."

Nilipima pale pale. Mkono, nne. Kunyanyuka kitini, nne. Yule mgonjwa wa mfano hakuwepo. Nikauliza saa za dawa, nikauliza saa za chakula. Kidonge cha pili alikimeza pamoja na sahani ya mchana, katikati ya tonge za samaki, kwa sababu hakuna mtu aliyemwambia vinginevyo. Hapo nilianza kushuku. Dawa ile na nyama, samaki, au maharage hugombania mlango mmoja ndani ya tumbo, na samaki ana mabega mapana. Lakini ningesema hivyo mbele ya Tantine Mado, angesema nimehongwa. Mtu aliyeona ndoki hashindwi na somo la tumbo.

Kwa hiyo nilimwendea yeye mwenyewe.

"Tantine, mimi nakaa ng'ambo. Sioni. Nani hapa iko na macho makali kupita wote?"

Alijua swali lile ni mtego, ila jibu lake lilikuwa tamu mno.

"Mimi sina uongo," alisema. "Na sisinzii."

"Njo wewe utapima."

Rehema alinitazama kana kwamba nimemuuza. Sikuweza kumweleza wakati ule.

Trésor aliomba mkaa jikoni. Ukuta wa upande wa baraza ulikuwa umepakwa chokaa zamani, bado ulikuwa na weupe wa kutosha. Akachora miraba iliyonyooka ajabu, kijana yule, bila rula. Kwenda chini, siku. Kwenda pembeni, vipindi vya siku: akiamka, jua likipanda, mchana baada ya kula, jua likishuka, jioni. Tukakubaliana alama. Duara tupu, Papa anasogea vizuri. Duara nusu jeusi, anasogea kwa shida. Duara jeusi lote, amekuwa mti. Nilimfundisha Tantine Mado kupima kwa jambo moja, lile lile kila mara: anyanyuke kitini, afike mlangoni. Tulipima pamoja mara kadhaa, tukabishana, na nakiri alikuwa mkali kuliko mimi. Faustin angekufa.

Dawa ilipoanza kumlegeza Papa Lifoli, alisema kwa sauti yake ndogo iliyobaki, "Munaniandika kama wagon."

Nikaona aibu, nikachuchumaa mbele yake. "Papa, ukikataa tutafuta."

Alifikiri. "Wagon mbovu wanaiandika. Ile hawaandike, inaua batu. Muandike." Kisha akaongeza, "Lakini Mado asiandike kwa hasira."

"Mimi?" alisema Tantine Mado.

Siku zikapita. Habari zilinifikia kupitia wapiga kasia: kule kwa fundi wa treni kuna ukuta, na watu wanakuja kuusoma. Majirani walipita asubuhi kuuliza Papa ameamkaje, wakajibiwa kwa duara. Mfululizo wa mchana ulikuwa mweusi, mweusi, mweusi, na Tantine Mado aliwaonyesha watu wote kwa furaha. Kila duara lilikuwa kwake shahidi dhidi ya Rehema.

Kisha dada yake Rehema akajifungua upande wa pili wa mto, naye Rehema akavuka kumtunza kwa muda. Tantine Mado akapika mwenyewe, akapakua mwenyewe, akamlisha kaka yake kwa mkono wake mwenyewe. Mchana wa kwanza, duara jeusi. Wa pili, jeusi. Uongo hakuwa nao, na kusinzia hakusinzia. Aliendelea kupaka mkaa.

Junior aliporudi na boti, ukoo uliitisha kikao. Nikaitwa, na Trésor akaja, safari hii na sandali za plastiki. Nabii naye alikuwepo, amevaa nguo nyeupe, amekaa kwenye kiti kizuri kuliko vyote. Rehema alisimama karibu na mlango na furushi la nguo zake, kwa sababu alikuwa ameambiwa aje nalo.

Junior alikuwa mtu mkubwa mwenye mikono iliyopasuka kwa kamba. Alisimama mbele ya ukuta akausoma kama mtu anayesoma mto, bila haraka.

"Tantine," alisema, "hizi siku za hapa, nani alipika?"

"Zipi?"

"Hizi. Rehema alikuwa kwa dada yake."

"Mimi njo nilipika."

"Na duara nani alichora?"

Kuku akapita katikati ya kikao, akatoka.

"Mimi njo nilichora," alisema Tantine Mado.

Ningetamani hadithi iishie hapo. Lakini nabii alinyanyuka. Hakuwa mjinga hata kidogo. Alitembea mpaka ukutani, akaweka kidole kwenye duara moja tupu, peke yake katikati ya mchana mweusi.

"Na hii? Hii ni siku ya maombi. Tulifunga, tuliomba hapa tangu asubuhi, na papa alisimama. Muone! Ile siku nguvu ya giza ilivunjika."

Watu wakanong'ona. Na duara lilikuwepo kweli, tena lilichorwa na mkono ule ule usio na uongo. Hapo nilijifunza kwamba mchoro mzuri haumalizi ubishi, unaubadilisha mahali tu. Nikasema siku hiyo Papa alikuwa hajala, dawa ilikuwa na tumbo peke yake. Nabii akasema ni maombi. Nikasema ni samaki. Akasema ni maombi. Tungekuwa pale mpaka leo.

Trésor ndiye aliyeinua mkono kama mwanafunzi. "Siku ile mulibadilisha vitu viwili, mukaomba na mukaacha kula. Tubadilishe kimoja. Chakula tusogeze, maombi tuache kama iko."

"Na nani anapika?" aliuliza Junior.

Kutoka kwenye kiti chake, Papa Lifoli alisema, "Rehema."

Daktari wetu alikubali mpango huo: kidonge kitangulie, chakula kifuate baada ya muda wa kutosha, samaki na maharage viende jioni, mchana lituma na mboga. Rehema alipika, Tantine Mado akatazama. Nilivuka mwenyewe kushuhudia. Papa alikula, akakaa, sote tukamtazama kama watu wanaosubiri uji uchemke. Kisha akanyanyuka kitini, akaenda mlangoni, akarudi, akauliza kwa nini tunamkodolea macho. Tantine Mado alichukua mkaa, akaenda ukutani, akachora duara. Akasimama nalo kwa muda, mkaa ukiwa karibu kabisa na ukuta. Akaliacha tupu. Siku iliyofuata, tupu. Kisha moja nusu jeusi, kwa kuwa ugonjwa ni ugonjwa, kisha tupu tena.

Kikao cha pili kilikuwa kifupi. Junior alimwambia mkewe arudishe furushi ndani. Rehema hakusogea.

"Ukuta munaamini," alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini, na watu walilazimika kuinama ili kuisikia. "Miaka yote hii niko nafua, napika, namubeba papa mugongoni mpaka kwenye pirogi. Mimi hamukunisoma. Mkaa njo mulisoma."

Junior alitazama chini.

"Tantine aliniita ndoki kwenye bomba ya maji, mbele ya batu," aliendelea Rehema. "Aende asemee kule kule. Kisha nitaingiza furushi."

Tantine Mado alienda. Nilimfuata, sioni haya kusema, na nusu ya mtaa ilinifuata mimi. Alisimama penye bomba, kati ya ndoo za manjano, akakaza kitenge kiunoni. "Niliona mubaya," alisema. "Bibi ya Junior haiko ndoki. Ilikuwa samaki." Kisha akamgombeza msichana mmoja kwa kumwaga maji, ili siku isiishe bila mtu kukosea. Rehema aliingiza furushi ndani.

Msidhani wakubwa walikaa kimya. Kwenye mahubiri, nabii alianza kusimulia kwamba ule ukuta alionyeshwa katika ndoto, na maombi yake ya mchana akayasogeza mpaka saa ambayo kidonge kimekwisha kushika kazi. Waliokuja waliona miujiza kila siku. Mradi nao ulitoa kijitabu kizuri chenye picha ya ukuta, na maneno kwamba mradi umebuni njia mpya ya kushirikisha familia. Kwenye picha hiyo Tantine Mado amekatwa, umebaki mkono wake tu na mkaa. Mimi sionekani kabisa. Trésor alikataa jina lake liwekwe peke yake, wakaona suluhisho rahisi ni kuliondoa. Alinionyesha kijitabu tukacheka mpaka tukakohoa. Baadaye aliongeza kwenye tableti ukurasa wa vipindi vya siku, na huo ndio mnaoutumia sasa mkidhani ulitoka Ulaya.

Jambo hili mlishike: tuligundua saa ya chakula tu. Ugonjwa haukuondoka. Baadaye jioni za Papa Lifoli zilianza kuwa nusu nyeusi, kisha nyeusi, na daktari akaongeza dawa, kisha akapanga upya tena. Ukuta ulipakwa chokaa na kuchorwa upya mara nyingi. Atakayewaambia kwamba mchoro unaponya, muulizeni anauza nini.

Wiki yangu ya mwisho kazini nilivuka kumuaga Papa Lifoli. Ilikuwa baada ya kidonge, kabla ya chakula. Wote walikuwa barazani. Sufuria ilikuwa imefunikwa kwa jani la mgomba, na harufu ya lituma ilikuwa imetufikia sote. Tantine Mado, ambaye kwa desturi mpya ya nyumba ile hakuwa akila kabla ya kaka yake, alikuwa amekwisha kuzunguka ile sufuria kama askari wa zamu. Mwishowe akanyoosha mkono kwenye jani.

"Bado, tantine," alisema Rehema, bila kugeuka.

"Nilitaka kutazama tu kama iko moto."

"Iko moto. Bado."

Tantine Mado akarudi akaketi, akakunja mikono, akaitazama barabara kana kwamba ndiko alikokuwa anaangalia tangu mwanzo. Nilimgeukia Papa Lifoli. Ugonjwa ulikuwa umekwisha kumgandisha uso, na katika mizani yetu uso wake ulikuwa ni nne, haukunjiki wala haukunjuki. Uso haukusogea. Lakini mabega yake yalikuwa yanatikisika, na huo haukuwa ugonjwa.